Mfereji Katika Njia ya Viboko

Kiboko aliingia katika bwawa langu mwishoni mwa masika, na mke wangu ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa amekwenda kuchota maji ya kumwagilia kitalu cha nyanya. Alirudi na ndoo tupu, akaiweka chini mbele yangu taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Bwawa lako lina mgeni," akasema. "Leo kachote wewe."

Nikachukua panga, nikaenda. Hadi leo sijui panga lile lilikuwa la kazi gani. Nilisimama ukingoni nikaona maji yametulia, matete ya upande wa pili yamelala kama yamepitiwa na trekta, na yangeyange wawili wamesimama juu ya kitu nilichodhani ni gogo. Gogo likapumua. Yangeyange hawakujali. Mimi ndiye niliyeruka.

Shamba langu liko Mwamkulu, kwenye udongo mweusi wa mbuga ambao kiangazi hupasuka hadi kwato ya ng'ombe inaingia kwenye ufa. Wakati wa mvua nalima mpunga. Nikishavuna, napanda nyanya kandokando ya bwawa, nazo ndizo zinazotuvusha mimi na mke wangu mpaka mvua nyingine. Bila bwawa hakuna nyanya. Kwa hiyo kiboko yule hakuwa kichekesho cha kuwasimulia jirani. Alikuwa amekalia chakula chetu cha kiangazi kizima.

Na sikuwa na mtu wa kumlaumu. Mfereji unaoleta maji kutoka mto Katuma hadi bwawani sikuuchimba wote kwa jembe. Sehemu kubwa niliikuta. Nilipofika hapa nikiwa kijana, na cheti cha kidato cha nne ambacho hakikunipatia kiti cha ofisini, palikuwa na njia ya viboko ikitoka mtoni kupanda malishoni. Njia ya kiboko haifanani na ya mnyama mwingine. Ni mitaro miwili inayokwenda sambamba na tuta la nyasi katikati, kwa sababu miguu yake ya kushoto na ya kulia hukanyaga mbalimbali na tumbo lake hupita juu ya lile tuta. Ile yetu ilikuwa imekanyagwa vizazi na vizazi mpaka ikazama kufikia magoti ya mtu mzima.

Wenzangu walikuwa wakihangaika kuchimba mifereji katika udongo huu, ambao ukikauka ni tofali na ukilowa ni gundi. Mimi nikaitazama njia ile nikasema kazi imeshafanywa. Nikalilima tuta la katikati, nikapanga viroba vya mchanga mtoni kuwa banio la kuinua maji, na maji yakaja yenyewe hadi shambani yakipita mle mle walimopita viboko. Watu walikuja kutazama. Baada ya muda kila mwenye shamba kando ya mto akawa anatafuta njia yake ya viboko, na asiyeipata alikuja kuniuliza namna ya kupanga viroba. Wakaanza kuniita fundi wa maji. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyopaswa kulipenda.

Viboko wenyewe walikuwa wameshapungua upande wetu. Wengi walikuwa chini huko, Sitalike na hifadhini. Niliichukulia njia yao kama nyumba iliyohamwa.

Sikufanya hivyo kwa kutojua. Shuleni somo nililolipenda lilikuwa jiografia. Niliweza kuichora Afrika bila kutazama kitabu, na Bonde la Ufa na maziwa yake yote, Tanganyika refu kama mhogo na Rukwa dogo pembeni yake. Mito mingi ya ramani ile ilikwenda baharini. Wa kwetu hauendi baharini. Katuma unatoka kwenye vilima vya miombo, unapita kwetu, unapita Sitalike, unamwagika katika ziwa Katavi na ziwa Chada ambayo kiangazi ni mbuga za nyasi tu, na kinachobaki kinateremka kuelekea Rukwa. Rukwa halina mlango wa kutokea. Kwa hiyo ndoo ninayoizuia mimi haipungui katika bahari ambayo haitajua. Inapungua kwenye kidimbwi ambacho mnyama fulani amelala ndani yake. Niliyaona hayo kwenye ramani nikiwa bado navaa kaptula, kisha nikakua, nikapanga viroba.

Nilikwenda kutoa taarifa kwa watu wa wanyamapori. Alikuja askari mmoja, binti mwenye umri wa wajukuu zangu, amevaa buti zilizojaa vumbi la pikipiki.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mgeni wangu ni yule pale."

Alimtazama kwa darubini kwa muda mrefu, kisha akanipa na mimi nitazame. Mgongoni kiboko alikuwa na makovu na vidonda vibichi, kama amecharangwa kwa shoka.

"Ni dume," akasema. "Amepigwa na wenzake. Kule chini maji yamepungua, wamebanana. Makubwa yanafukuza madogo. Huyu amepanda na mto kutafuta pa kukaa."

"Na amepata."

"Amepata, babu." Akacheka, kisha akaona sicheki.

"Sasa mtamwondoaje?"

"Huyu habebwi kama mbuzi, babu. Na ukimfukuza mchana anaua mtu. Mvua zikianza, mto ukijaa, ataondoka mwenyewe."

"Mvua ni Novemba."

"Ndiyo."

"Nyanya zangu ni sasa."

Akaichukua darubini yake mkononi mwangu. Akatuonya tusisogelee matete, tusiende bwawani alfajiri wala jioni, nimpigie simu likitokea lolote. Alikuwa na heshima na alisema kweli, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Mtu akikudanganya, angalau unapata pa kumwagia hasira.

Tukaanza kuishi naye. Mchana alilala majini. Usiku alitoka kula. Nyanya hakuzigusa kwa mdomo, ila alizikanyaga akienda kwenye matembele, na matembele aliyamaliza mpaka udongo ukabaki mtupu kama kichwa kilichonyolewa. Kila asubuhi nilifuata nyayo zake nikihesabu hasara, na kila asubuhi nilikuta amepita mle mle katika mfereji wangu. Hakupotea hata hatua moja. Njia ilikuwa yake, mimi ndiye niliyeongeza maji.

Mke wangu aliteta kwa namna yake. "Mwanaume kafukuzwa kwao kwa kupigana," aliwaambia wanawake wenzake mbele yangu, "akaulizia, mzee mjinga anakaa wapi? Akaelekezwa hapa."

Watu walikuja kutoka Magamba, na wengine kutoka Majengo mjini, na simu zao, kupiga picha. Walisimama kwenye kingo za majaruba yangu wakazibomoa. Wengine walikuja bila simu, wakatazama zaidi tumbo la mnyama kuliko sura yake, na hao ndio niliowaogopa. Niliwasikia wakijadili mkuki na nyaya za mitego.

Aliyekuja mara nyingi zaidi ni jirani yangu wa upande wa juu wa mto, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Ni mtu wa vicheko, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe hata akiwa amekaa na wewe benchi moja. Ana lambo kubwa la kunyweshea mifugo, na banio la lambo hilo nilimsaidia kulipanga mimi.

"Fundi wa maji! Nasikia siku hizi na wewe unafuga."

"Nafuga."

"Ng'ombe wangu wananipa maziwa. Huyo wako anakupa nini?"

"Mbolea."

Akacheka mpaka akajifuta macho. "Mzee, ile ni nyama inakunywa maji yako bure. Sema neno moja tu, vijana wapo."

"Silisemi."

"Basi usije kwangu kulia."

Kilichoniuma ni kwamba kulia nilikuwa nalia kweli, moyoni. Kufikia Agosti mto ulikuwa umekatika, umebaki mchanga mweupe na vidimbwi vya kunywea ndege. Bwawa langu halikuwa na kinachoingia tena. Kila tulipochota maji ya nyanya, mgongo wa kiboko ulitokeza zaidi. Niliona ngozi yake inakauka na kupasuka, na ule utelezi mwekundu unaotoka mwilini mwake ukichuruzika kama jasho la damu. Niliendelea kuchota. Mke wangu naye alichota, kisha siku moja akasimama na ndoo iliyojaa, akaitazama, akaimwaga tena bwawani.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Sijui. Nimechoka kumvua nguo mtu mzima."

"Na nyanya?"

"Nyanya umezipanda wewe. Ziulize."

Tuligombana siku ile kama tulivyokuwa tukigombana wakati watoto bado wadogo. Yeye aliacha kuchota. Mimi nikaendelea, kwa ukaidi tu, na kila ndoo niliona namwibia mnyama yule, na kila nilipoiacha niliona naiibia nyumba yangu.

Ndipo nikapata wazo. Kiboko ni mnyama wa maji. Basi, maji yakiondoka, naye ataondoka nayo. Bwawa likiwa bado na maji kiasi, nibomoe ukingo wa chini, maji yashuke bondeni hadi kwenye mkondo wa mto, kiboko ayafuate, na akishakuwa mtoni ataendelea kushuka mwenyewe usiku kwa usiku hadi kwa wenzake. Nilichora hata mchoro kwenye udongo kwa kijiti. Nyanya zitakufa, lakini zilikuwa zinakufa hata hivyo, na yeye angepona. Nilimweleza mke wangu.

"Angalau leo umefikiri kitu," akasema. Nilimweleza na jirani yangu Msukuma, naye akasema hata ng'ombe ndivyo walivyo, hufuata maji. Sikumpigia simu yule binti wa wanyamapori.

Nilibomoa ukingo saa tano asubuhi kwa jembe, nikisimama mbali kadiri nilivyoweza. Maji yalitoka kwa kishindo, mazito, ya rangi ya chai, na kambale ndani yake. Kwa dakika chache nilifurahi kama mtoto. Kiboko aliinua kichwa. Alitazama ule upande maji yalikokuwa yanakwenda. Kisha akageuka, akanipa makalio, akarudi nyuma kwenye sehemu ya kina karibu na matete, akakaa.

Maji yakaendelea kutoka. Nilijaribu kuziba. Nilisukuma udongo kwa jembe, nikasukuma kwa mikono, mke wangu akaja na viroba akinipigia kelele niondoke mbele ya mnyama, lakini ukingo ukishaanza kumeguka katika udongo ule haukusikilizi. Kufikia adhuhuri bwawa lilikuwa tope. Nilikwenda mtoni kuona maji yamefika wapi. Hayakufika popote. Mchanga ulikuwa umeyanywa yote, ukabaki na unyevu kidogo juu, na korongo wenye vipara walikuwa wameshashuka kuokota kambale.

Kiboko alikuwa amelala katika tope, jua kali juu yake, anapumua.

Nikapiga simu. Yule binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Babu, kwa nini hukunipigia kabla?"

"Kwa sababu ungesema nisubiri mvua."

"Ningesema hivyo, ndiyo. Nitaomba gari la maji. Siwezi kukuahidi. Wapo wengine kama huyu, babu, wengi, kule chini."

Gari halikuja. Sikumlaumu, kwa sababu najua barabara, najua vidimbwi vya kule chini, na najua nani alianza kuzuia maji. Lakini nililala na hasira na nikaamka nayo, na asubuhi nilipokwenda bwawani tope lilikuwa limeanza kufanya ukoko, na kiboko hakuwa ametoka kula usiku. Alikuwa pale pale. Alinitazama, na hata masikio hakuyatikisa.

Nikaenda kwa jirani yangu. Alikuwa ananywesha ng'ombe. Lambo lake lilikuwa limepungua lakini lina maji ya kutosha, yanang'aa, na mimi nilisimama pale ukingoni nikiwa na tope lililokauka mpaka viwikoni.

"Shemeji zangu," akasema akiwaelekezea ng'ombe mkono, "msalimieni mfugaji mwenzenu."

"Nimekuja kukuomba maji."

"Ya kunywa?"

"Ya mto. Fungua banio lako. Maji yashuke kwangu."

Akadhani ni utani, kisha akaona si utani. "Mzee. Hawa watakunywa nini?"

"Sisemi yote."

"Maji hayana nusu. Ukifungua yanaondoka, umeona mwenyewe jana. Na mimi mpaka mvua sina pengine." Akawa mkali. "Nilipokuja huku, nani alinionyesha kufunga huu mto? Si wewe? Ulinifundisha kufunga. Kufungua hukunifundisha."

Nikasema, "Njoo umwone, basi."

"Nimemwona mara nyingi."

"Hujamwona leo."

Alikuja, akinung'unika njia nzima. Alifika ukingoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaongea kwa sauti ya chini. Alimtazama kiboko muda mrefu akiwa ameegemea fimbo yake.

"Kwetu, mwaka wa ukame, ng'ombe huzama hivi," akasema. "Anakwenda kutafuta maji, anakuta tope, miguu inaingia. Mnamvuta kwa kamba watu kumi, hatoki. Halii. Anakutazama tu." Akatema mate pembeni. "Huyu naye huwezi hata kumtupia kamba."

Hakusema atafungua. Aliondoka. Lakini siku iliyofuata, ng'ombe wake walipokwisha kunywa, aliondoa viroba viwili vya juu akaacha maji yashuke mpaka adhuhuri, kisha akavirudisha. Hayakufika kwangu, mchanga uliyanywa. Akafanya hivyo tena, na tena, na mimi nilikuwa natembea mkondoni na jembe nikiyatengenezea njia nyembamba, nikitoa magogo na majani, nikiyabembeleza kama mtu anayembembeleza mtoto ale. Yalipoingia hatimaye katika mfereji wangu yalikuwa na upana wa kiganja. Yaliingia topeni mbele ya pua ya kiboko. Aliyanusa. Akajigeuza kidogo, akayaziba yote kwa shavu lake, yakajaa kando yake, akafumba macho.

Mke wangu alisema, "Sasa na yeye ameweka banio."

Tulikwenda hivyo mpaka tope likalegea na mgongo wake ukapata rangi. Kisha asubuhi moja hatukumkuta. Nyayo zilitoka bwawani, zikaingia mfereji, zikaenda mtoni. Nilisimama pale nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo miezi mingi. Nikamwambia mke wangu ameondoka, amerudi kwao. Hatukufika mtoni kuangalia nyayo zimepinda upande gani.

Tulikuwa tunakunywa chai niliposikia sauti ya kuitia ng'ombe, lakini ilikuwa ikiniita mimi.

"Njoo umchukue kiboko wako!"

Kiboko alikuwa amefuata maji. Hapa nilikosea mara ya pili: sikufikiri kwamba maji yanayoshuka humwonyesha mnyama yanakotoka. Alikuwa amepanda na mkondo hadi kwenye lambo la jirani yangu, akaingia katikati, na ng'ombe wote walikuwa wamesimama juu ya ukingo wakilia, hakuna anayetaka kuteremka. Mke wa jirani alikuwa ameshika ndoo kichwani, hasogei mbele wala nyuma.

"Nilijua," jirani akasema. "Roho iliniambia. Nikasema, aah, ni mnyama, hana njama. Sasa niambie, fundi, niambie wewe uliyesoma. Wanakunywa wapi?"

"Kwangu."

"Kwako wapi? Umebomoa!"

"Kisimani."

Kisima chetu ni cha kuchimba kwa mkono, kipo nyuma ya jikoni, kirefu, maji yake ni ya kunywa na kupikia. Sikumuuliza mke wangu kabla ya kulisema neno hilo. Nilipofika nyumbani na ng'ombe nyuma yangu, alisimama mlangoni akawatazama wanavyoingia uani mmoja mmoja.

"Hawa wote?"

"Wote."

Alifunga kanga kiunoni. Akaenda kuchukua ndoo. Ningependelea anigombeze.

Tangu siku hiyo hadi mvua, tulivuta maji. Mimi na jirani kwa zamu ya kamba, mke wangu na mke wake wakimimina kwenye gogo lililochongwa. Kamba ilinichubua viganja mpaka nikashindwa kushika kijiko. Ng'ombe waliozoea lambo hawaelewi kisima, wanasukumana, wanakanyaga miguu yetu, wanamaliza ndoo kabla hujavuta ya pili. Wakimaliza kunywa waliingia kwenye nyanya zilizobaki, na sikuwafukuza. Kisima kilikuwa kinakauka mpaka tope linatokea, tunangoja maji yajikusanye, tunaanza tena. Jirani aliacha utani. Kuna siku alikaa kimya mpaka nikamuuliza kama ana homa.

"Sina homa," akasema. "Nawaza tu nilivyokuwa nakucheka."

Yule binti wa wanyamapori alikuja kumwona kiboko lamboni. Akamwambia jirani yangu yale yale aliyoniambia mimi, asubiri mvua, na jirani akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Kisha binti akaniuliza mimi naendeleaje. Nikamwonyesha viganja.

Mvua ilichelewa, kisha ikaja kwa hasira, siku nzima na iliyofuata. Katuma ukashuka na matope, mizizi na matawi ya mitundu kutoka vilimani, ukabeba banio langu, ukabeba na la jirani, viroba vikaonekana vikielea kama mikate. Mvua ilipotulia lambo lilikuwa limejaa na halikuwa na kiboko. Hakuna aliyemwona akiondoka.

Baada ya mpunga kuota nilikwenda Sitalike. Mke wangu alitaka kuja, tukaenda wote. Tulisimama pale darajani watu wanaposimama kutazama viboko. Walikuwepo, wameegemeana katika maji mekundu, masikio yanazunguka, mmoja akipiga miayo. Niliwatazama mmoja mmoja nikitafuta makovu. Wote wana makovu.

"Siwezi hata kumtambua," nikasema.

"Ulitaka akupungie mkono?" mke wangu akajibu. Lakini na yeye alikuwa anatafuta, nilimwona.

Kiangazi kilichofuata sikulirudisha banio langu. Nilikuwa nimeshaamua pale darajani. Tungepanda nyanya chache kwa maji ya kisima, na kidogo kilichopita kwangu kipite, kifike kule. Jirani yangu alilirudisha la kwake, dogo kuliko la zamani, na sikuwa na uso wa kumkataza mtu mwenye ng'ombe. Nilikuwa nakwenda mtoni asubuhi kutazama maji yakipita mbele ya shamba langu bila kuzuiwa na mtu. Yalikuwa membamba, ila yalipita. Nililala vizuri siku hizo.

Siku moja akaja mwenye shamba lililo chini yangu kwenye mto, mtu mpole tunayesalimiana naye misibani, amebeba debe kichwani. Lilikuwa limejaa nyanya, kubwa, nyekundu, zimefutwa vumbi.

"Nimekuja kushukuru, mzee," akasema. "Mwaka huu maji yamenifikia. Nimenunua pampu, nimeongeza shamba mpaka kwenye miti ya mivumo. Nilikuwa nawaambia wenzangu, yule mzee ana roho ya kipekee."

Nilimkaribisha akae. Nilimuuliza kama baada ya pampu yake kuna maji yanayopita kwenda chini.

Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Hapana," akasema. "Yananitosha mimi tu."

Akaondoka akituombea. Debe lilibaki katikati ya ua. Mke wangu akaokota nyanya moja, akaibonyeza, akanitazama.

"Nipike?"

Nikamwambia apike.